Barua Ambayo Kasha Ilikataa Kupokea

Mama yangu hakupokea kitu mkononi mwa mtu kabla ya kuuliza. Hata sukari. Ukimletea sukari atakutazama usoni, mikono yake iko nyuma, akuulize: "Ni ya nini?" Ukimwambia ni zawadi tu, ndipo anazidi kurudi nyuma. Watu wa mjini walisema ana kiburi. Mimi mwenyewe nilikuwa naona haya, maana rafiki zangu wa sekondari wakija kututembelea Kasha, mtaa wetu wa pembeni ya mji, na mfuko wa mikate, walibaki wameushika pale mlangoni mpaka mkono unachoka.

Lakini katika nchi yetu ya Bushi kupokea si mchezo. Shamba letu la Kasha baba alilipata kwa kalinzi. Alitoa ng'ombe jike, akampeleka mbele ya mtu wa mwami, mfalme wetu, mashahidi wamesimama, na yule mtu akaipokea kamba ya ng'ombe kwa mikono miwili. Basi, imekwisha. Karatasi haikuwako. Kamba ikipokelewa, shamba ni lako na la wajukuu wako. Isipopokelewa, rudi na ng'ombe wako nyumbani. Na anayepewa shamba la muda tu, la msimu wa maharagwe, anakatazwa jambo moja: kupanda mgomba. Maharagwe yanang'olewa, mgomba unabaki, na mwenye mgomba ndiye mwenye ardhi. Hayo kila mtoto wa kwetu anayajua kabla ya kujua kuhesabu.

Baba alipokufa tulimzika nyuma ya nyumba, katikati ya migomba yake. Mama alikuwa akipalilia hapo kila asubuhi, akimsimulia habari za mtaa, na mara nyingine akimgombeza.

Upande wa pili wa ua wa miti alikaa jirani yetu, mjane, mtu wa Mumosho aliyeolewa Kasha. Nilimwita maman mudogo. Mwaka mama alipolazwa hospitali miezi mitatu, ni yeye aliyenilaza kwake, akanisuka nywele, akanifundisha kupika bugali usio na madonge, na akanichapa pia, maana mkono wake haukuwa mzito kuinuka. Yeye na marehemu mume wake walikuwa kati ya wale waliosimama siku baba alipotoa ng'ombe. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na migomba yake, kuku zake, na mdomo wake.

Nilipomaliza shule nilipata kazi. Ilikuwa miaka ile ya Zaïre, sote tunaitana sitwayeni, yaani raia, wanaume wamefunga koti la abakosti mpaka kooni hata jua likiwaka, wanawake tuko na vikwembe, vitenge vyetu, suruali marufuku. Majina ya ubatizo yalikuwa yameondolewa, kila mtu amebaki na jina la nyumbani, na kwetu mtoto harithi jina la baba yake. Ulikumbuke hilo, lina kazi yake mbele. Niliajiriwa kuwa mpiga mashini, dactylo kama tulivyosema, katika biro, yaani ofisi, moja ya serikali pale mjini Bukavu. Sitaitaja, na wala usinikazanie. Siku za kazi nililala Kadutu kwa shangazi, na Jumamosi mchana nilipanda kwa miguu mpaka Kasha.

Chefu wetu, mkuu wa biro, alikuwa mtu wa sauti ndogo. Ubaya wa mtu wa sauti ndogo ni kwamba unalazimika kusogea karibu ili umsikie, na ukishasogea umeshanaswa. Hakuwahi kumtukana mtu. Alisema tu, polepole, akisafisha miwani yake kwa pindo la abakosti, na wewe unatoka pale umeshakubali.

Siku moja alinipa maandishi ya kupiga kwenye stensili ili zitoke nakala za kupelekea wakuu wa mitaa. Ilikuwa ile sheria ya serikali kuchukua ardhi ya mtu kwa faida ya wote. Stensili haitaki haraka. Ukikosea herufi moja unaisikia mpaka jioni. Kwa hiyo niliisoma sheria ile neno kwa neno, kuliko pengine mtu yeyote Bukavu nzima, mawakili ukiwatoa. Nikashangaa. Mimi nilidhani serikali ikitaka inachukua, wewe unafunga mizigo. Kumbe walioiandika walikuwa wameifunga serikali kamba miguuni. Lazima iseme inataka ardhi ya nini. Lazima barua imfikie mwenyewe, mkono kwa mkono, naye atie alama kwamba ameipata. Lazima apewe mwezi mmoja wa kusema neno lake. Na hatoki pale kabla ya kulipwa. Nilifurahi, nakuambia kweli. Nilizunguka na ile furaha siku mbili, nikijiona nami nimesaidia kutunga.

Nakala hazikupelekwa kokote. Ziliwekwa kabatini, chini ya vikombe. Nilipouliza zitaondoka lini, Chefu alisafisha miwani.

"Sitwayeni," akasema, "sheria hii iko ya wale wenye kujua kusoma. Nao wataisoma siku yao."

Wiki tatu baadaye aliniletea orodha. Serikali ilitaka uwanja wa gereji ya malori yake, na uwanja wenyewe uwe Kasha. Orodha ilikuwa na parseli, yaani viwanja vya watu, kumi na moja. Nilianza kupiga majina ya wenyewe, la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilikuwa jina la baba yangu.

Mikono iliendelea yenyewe. Hilo ndilo jambo linalonichukiza mpaka leo, kwamba mikono haikusimama hata kidogo. Nikapiga jina la marehemu baba yangu vizuri, bila kosa, nikashuka mstari, nikapiga la tano, la maman mudogo. Chefu alikuwa nyuma yangu. Hakujua, maana jina langu na la baba yangu hayafanani hata herufi. Akainama sikioni.

"Dactylo wa mbele yako alikuwa na mudomo," akasema. "Leo anauza makala ya jiko ku soko. Haya maneno ya Kasha yanabakia humu ndani."

Nikamjibu ndiyo, Chefu. Kazi ile ndiyo iliyolipa shule ya wadogo zangu wawili. Sisemi hivyo ili unihurumie. Nasema ili ujue nilichokiogopa.

Barua zilipelekwa na planton, tarishi wa biro, mzee mmoja mrefu mwenye kofia, mtu mwema. Alirudi jioni na barua zote kumi na moja, anacheka huku anajipangusa jasho. Kasha yote ilikuwa imekimbia. Habari zilimtangulia, nao wakakaa kikao pale kisimani, wakakubaliana: mtu asipokee. Planton akibisha hodi mlango huu, mwenyewe anatokea mlango wa nyuma. Mzee mmoja alikutwa amekaa kizingitini, akaulizwa kama yeye ndiye mwenye jina hili, akajibu kwamba mwenye jina hilo ametoka jana na hajaacha habari. Mama yangu hakukimbia. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akauliza barua ni ya nini, na alipoambiwa ni ya shamba, akasema arudi nayo, hakuna aliyeiomba. Na maman mudogo alimmwagia maji ya kunawia vyombo miguuni.

Walifikiri kama watu wetu wanavyofikiri. Kamba isipopokelewa, hakuna neno. Barua isipopokelewa, shamba limebaki. Nani angewalaumu?

Chefu hakucheka. Alifungua rejista, akanisogezea.

"Andika pembeni ya kila jina: amekataa. Mara moja. Wakikataa mara tatu, inahesabiwa kama wamepokea, na mwezi wao unaanza. Na mutu mwenye hana barua mu mukono, dosie yake haiingie hapa. Wao wenyewe banatusaidia."

Ndipo nilipoielewa hatari yote. Ile kamba iliyofungwa miguuni mwa serikali, watu wa Kasha walikuwa wanaifungua kwa mikono yao, wakidhani ndiyo wanaikaza. Bila barua hakuna dosie, yaani faili la kuandikia neno lako. Bila dosie hakuna neno. Mwezi utapita kimya, na kimya kitaandikwa kwamba wamekubali.

Planton alipanda mara ya pili siku ya Ijumaa. Wakakataa mara ya pili. Safari ya tatu ilipangwa Jumatano.

Jumamosi nilipanda Kasha nusu ninakimbia. Nilimkuta mama anapukusua maharagwe uani. Nikamwambia yote, palepale, bila kuketi. Nikamwambia Jumatano apokee.

Aliweka ungo magotini. "Weye njo unaniambia nipokee?" akasema. "Mutoto ya ule mutu mwenye kulala pale?"

Nikamweleza kwamba hii haiko ng'ombe, ni karatasi ya serikali, na kwamba ukiikataa wanaandika umekubali. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema kumbe hiyo serikali ni ya wezi, mtu anakataa wao wanaandika amekubali, tangu lini? Nikapandisha sauti. Ndiyo, nilimpandishia mama yangu sauti, uani, mchana kweupe. Nilimwambia kwamba kichwa chake kigumu ndicho kitakachomfukua baba kule nyuma, malori yapite juu yake. Ungo ulimponyoka, maharagwe yakamwagika. Aliyaokota yote moja moja, mimi nimesimama. Alipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Na mwenzangu?" Akaonyesha ua kwa kidevu. "Yeye naye apokee?"

"Naye apokee."

"Nani atamwambia?"

"Mimi mwenyewe."

"Leo?"

"Leo," nikasema.

Nilitoka. Nilifika mpaka penye upenyo wa ua, nikamwona amekaa mgongo kwangu, anachambua majani ya mihogo, anaimba kwa pua. Na nilifanya hesabu, hesabu ya mwoga. Maman mudogo hakuwahi kuweka neno tumboni hata siku moja. Nikimwambia mchana, jioni kisima chote kinajua, Jumatano watu kumi na mmoja wanapokea barua kwa pamoja, na Chefu atajiuliza ni nani amewafundisha. Nitamwambia baadaye, nikasema moyoni. Mama kwanza. Nikarudi. Mama aliniuliza amesemaje. Nikasema amekataa.

Ni uongo mdogo kabisa, neno moja tu, na sijawahi kusema mkubwa kuliko huo.

Jumatano mama alipokea. Planton mwenyewe alinisimulia, kwamba yule mama alifunga kikwembe kipya, akanawa mikono, akaipokea barua kwa mikono miwili kama mtu anayepokea maiti ya mtoto, kisha akaweka dole gumba kwenye rejista. Upande wa pili wa ua, maman mudogo alikuwa anatazama. Alipofikiwa yeye, alikataa mara ya tatu, akatema mate chini, na planton alipoondoka akapaza sauti ili mama asikie, akasema kuna watu wanakula na serikali mezani huku waume zao hawajaoza. Toka siku hiyo hawakusalimiana. Wanawake wawili waliochota maji pamoja miaka yote ile, sasa mmoja akienda kisimani mwingine anangoja arudi.

Barua kumi zilizobaki zilirudi bironi. Chefu akaniambia nizihifadhi. Nikaziweka katika mtoto wa meza yangu, upande wa kulia. Ya maman mudogo ilikuwa ya tatu toka juu. Ilikaa pale mwezi mzima, karibu na goti langu.

Dosie ya mama niliiandika kwa mkono, si kwa mashini, maana Chefu aliijua mashini yangu, herufi yake ya "e" ilikuwa imevunjika mguu. Niliandika kwa herufi za mtoto wa shule, kwa Kifaransa, nikieleza nyumba, migomba, kaburi, na ng'ombe. Ng'ombe alihitaji shahidi. Mashahidi wengine wote walikuwa wamekufa. Alibaki mmoja.

Nilipita kwenye ule upenyo wa ua Jumapili baada ya misa. Alinipa kiti, kwa sababu mgeni ni mgeni, lakini hakuniambia karibu. Nikamwambia tunaomba dole lake, kwamba alimwona ng'ombe wa baba. Aliuliza karatasi hiyo inasaidia nini. Nikasema ni ya kuonyesha ng'ombe tu. Akawa anamtazama kuku anayeparua.

"Nyiye mulipokea," akasema hatimaye. "Mimi sipokee, na sitasahau. Lakini ule ng'ombe nilimuona. Siwezi sema sikumuona."

Akanipa kidole. Nilikishika mwenyewe, nikakipaka wino, nikakikandamiza kwenye karatasi. Kilikuwa kigumu, kimepasuka kwa jembe. Nilikuwa nimekishika hivyo, uso kwa uso, naye anaokoa shamba letu bila kujua, na mdomo wangu ulifunguka. Nilikuwa na siku kumi na tisa bado. Ningesema: maman mudogo, barua yako iko mezani kwangu, nitakuletea kesho. Lakini niliwaza herufi zilezile za mtoto wa shule kwenye dosie mbili za wiki moja. Nikamwaza Chefu anasafisha miwani. Nikafunga mdomo, nikasema aksanti, nikaondoka na karatasi yangu.

Mama aliileta dosie mwenyewe, siku ya Jumanne, saa nne za asubuhi. Ilibidi iletwe na mwenyewe. Tulikuwa tumekubaliana kwamba hatujuani. Nilimwona anaingia, viatu ameshika mkononi ili asichafue sakafu, nikainamia mashini yangu. Chefu alikuwa amesimama karibu na meza yangu. Planton alikuwa mlangoni, na planton alijua. Alikuwa ametuona Kasha mimi na mama tukitoka kanisani. Alinitazama, akamtazama mama, akageukia dirisha akaanza kulipangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Chefu aliifungua dosie. Aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, palepale amesimama. Mama hakuketi, maana hakuna aliyemkaribisha.

"Nani amekuandikia, mama?"

"Mutoto wa kanisa," mama akasema.

"Jina yake?"

"Batoto ba kanisa beko bengi, Papa. Sikumuuliza jina. Nilimuuliza kama anajua kuandika."

Chefu akatabasamu kidogo. Kisha akanigeukia, akaniambia nimtazame huyu mama, je, ninamjua? Nilimtazama mama yangu. Naye alinitazama kama unavyomtazama karani, hakuna kitu usoni, wala upendo wala hasira. Nikasema simjui.

"Pokea dosie," Chefu akasema. Akaninyooshea. "Piga kashe."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Niligonga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukaruka. Mama akatoka, viatu bado mkononi.

Dosie ile ilifanya kazi. Sheria ilisema mwenye kusema neno lazima asikilizwe, watu wa kukadiria waje, alipwe kabla ya kuondolewa; na biro haikuwa na cha kumlipa hata mmoja. Chefu alishinda siku mbili na ramani. Siku ya tatu alinionyesha mstari mpya. Alikuwa ameuzungusha mpaka wa gereji ukaruka parseli ya nne, na ili uwanja usipungue, ulimeza ya tano mpaka ukingo wa ua. Mwanzo ungechukua nusu tu ya shamba la maman mudogo. Sasa ulichukua lote, na nyumba.

Soma tena hapo. Sikuokoa shamba letu tu. Nililiokoa kwa lake.

Siku zilizobaki nilikuwa nikifungua mtoto wa meza na kuufunga. Mara moja nilifika kuitia barua ndani ya kikwembe, nikatembea nayo mpaka mlangoni, nikakutana na Chefu anaingia, akanisalimu, nikarudi. Siku ya mwisho ya mwezi aliniletea rejista. Kwenye majina kumi niliandika maneno mawili: hakuna neno. Niliogopa. Nimejaribu miaka mingi kutafuta sababu nyingine yenye heshima zaidi, sijaipata.

Wafanyakazi walikuja Kasha asubuhi ya Jumamosi na mapanga. Nilifika wakiwa wameshaanza. Mgomba haulii ukikatwa, unatoa maji tu, na ardhi yote ilikuwa imelowa. Maman mudogo alikaa kwenye kigoda chake katikati ya uwanja, vyungu vyake vimepangwa kando, kuku mmoja amefungwa mguu. Alikuwa anarudia neno moja kwa kila anayepita, bila kelele: "Lakini mimi sikupokea. Muulize planton. Sikupokea." Wenye viwanja wakaambiwa malipo yatakuja. Sijakutana na mtu aliyeyaona.

Mama alisimama kwenye upenyo wa ua. Alikuwa ameelewa kitu, kwa sababu planton alikuwa amepita kuwapa pole yeye na maman mudogo, akaongea nao muda mrefu. Nilipomkaribia hakugeuka.

"Ulimuambia?"

Ningeweza kusema ndiyo tena. "Hapana," nikasema.

Nilingoja anipige. Ningefurahi. Alisema tu kwamba mwezi mzima alikuwa anapita mbele ya mlango wa mwenzake bila salamu, akimwita moyoni mjinga, kumbe mjinga alikuwa mwingine. Kisha akavuka, akabeba vyungu viwili vya maman mudogo, akaja navyo upande wetu. Maman mudogo alimtazama akivibeba. Hakumzuia wala hakumshukuru. Alilala kwetu, kitanda kilekile na mama, na hawakusema neno mpaka asubuhi.

Asubuhi ile nilitoka na ndoo nikawakuta wamesimama nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la baba. Maman mudogo alikuwa na chipukizi tatu za migomba yake, alizozing'oa kabla mapanga hayajafika, mizizi bado ina udongo. Na chini ya kwapa alikuwa na yule kuku wake mmoja. Akamnyooshea mama kuku kwa mikono miwili.

Mama, ambaye hakupokea sukari ya mtu, hakuuliza ni ya nini. Akapokea.

Nilijua maana yake. Kuku si ng'ombe, lakini kamba ni kamba. Na akipanda mgomba pale, ardhi ile si yetu tena, si ya wadogo zangu, si yangu. Nadhani mama aliniona nikifikiri, maana alisema bila kunitazama kwamba ninayo nafasi ya kusema kama nina neno. Nikasema sina neno.

"Inaomba shahidi," maman mudogo akasema. Akanigeukia kwa mara ya kwanza toka jana. "Akuwe huyu."

"Maman mudogo," nikasema, "mimi sifai. Mimi nilijua. Barua yako ilikuwa mu meza yangu. Siku nilishika kidole yako, nilijua."

"Najua. Planton alituambia yote." Sauti yake haikupanda. "Njo maana nataka weye. Weye unajua kuandika. Kalete karatasi, uandike hii shamba ya leo. Ya leo nitapokea."

Niliandika nimepiga magoti, karatasi juu ya goti, kwa mwandiko wangu wenyewe. Mama akaweka dole, naye akaweka dole, mimi nikaandika jina langu. Maman mudogo akafuta mikono kwenye kikwembe, upande na upande, akainyoosha yote miwili. Akaipokea karatasi, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo.

Kisha akaniambia nichimbe mashimo, matatu, na yasiwe karibukaribu.